Mambo ya kuzingatia kabla ya kuweka uzio wa umeme Goma

Jambo la kwanza ni mashine inayorusha umeme kwenye uzio, si waya. Umeme wa nyumbani wa volti 220 hukaza misuli ya aliyeushika hadi ashindwe kuuachia, ilhali mashine iliyoundwa kwa kufuata kanuni ya kimataifa ya IEC 60335-2-76 hurusha pigo fupi, mara moja tu kwa sekunde, lenye nguvu isiyozidi jouli 5, hivyo aliyeguswa hushtuka na kurudi nyuma. Fundi anayejitolea kuunganisha nyaya za ukuta moja kwa moja na umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, kwa kuwa ni rahisi, anawatega majirani na watoto wa nyumba hiyo hiyo, na asipewe kazi.

Sheria ya Kongo nayo haimsamehe mwenye uzio. Kifungu cha 258 cha Kitabu cha Tatu cha Kanuni ya Kiraia humlazimu aliyeleta madhara kwa kosa lake kuyafidia, kifungu cha 260 kinamwajibisha pia kwa madhara ya vitu anavyovitunza, na Kanuni ya Adhabu huadhibu anayeua au kujeruhi kwa uzembe. Simshauri mtu kutegemea utetezi kwamba aliyekufa alikuwa mwizi. Mpangaji apate kwanza idhini ya maandishi ya mwenye nyumba; ukuta ukiwa wa watu wawili, jirani akubali, na mkuu wa nyumba kumi ajulishwe.

Kinachosumbua zaidi Goma ni ardhi. Pigo la umeme hurudi kwenye mashine kupitia vyuma vilivyozikwa, lakini sehemu kubwa ya mji imejengwa juu ya mawe ya volkano, yakiwemo yaliyomwagwa na Nyiragongo mwaka 2002, ambayo ni magumu kutoboa na hayapitishi umeme vizuri yakikauka. Vyuma hivyo vitafutiwe udongo wenye unyevu, tena umbali wa angalau mita 10 kutoka kwenye mfumo mwingine wowote wa kutuliza umeme ardhini, sharti gumu kutimiza katika viwanja vyetu vidogo. Penye jiwe tupu, fundi mwenye ujuzi hupanga nyaya zenye umeme na zile za kurudishia kwa zamu, ili anayepanda azishike zote mbili.

Seng'enge na nyembe zisitiwe umeme kamwe, kwa sababu humnasa mtu ndani ya mapigo. Uzio unaovuka chini ya waya wa umeme wa mtaani uwe mbali nao angalau mita 3, na mita 4 au zaidi chini ya zile zenye volti kubwa. Kila lango, na kila mita 10 za ukuta, pawekwe kibao cha njano chenye urefu wa milimita 200 na kimo cha milimita 100, chenye maandishi meusi, na hapa kwetu kiandikwe kwa Kiswahili na Kifaransa. Kila anayelala katika nyumba hiyo, yaya na mlinzi wakiwemo, aoneshwe kitufe cha kuuzima kabla uzio haujawashwa kwa mara ya kwanza.