Somo: Kutambua mawimbi ya korasi kwenye data za Van Allen Probes

Korasi ni mawimbi ya redio ya asili yanayozuka angani kuzunguka Dunia; yakigeuzwa sauti hulia kama ndege wa alfajiri. Van Allen Probes ni vyombo viwili vya NASA vilivyoyapima. Vilirushwa Agosti 30, 2012 na kuzimwa 2019, lakini data zake bado ziko wazi kwa yeyote mwenye bando. Wengi hukosea kwa kutazama picha na kusema "hii korasi" kabla ya kupiga hesabu ya uga sumaku. Hesabu kwanza.

Hatua ya 1. Pakua faili za EMFISIS (kifaa cha kupima mawimbi na uga sumaku) za siku moja: spektra za WFR, kipokezi cha masafa ya chini (hezi 2 hadi 12,000), na vipimo vya uga sumaku. Faili za mawimbi ghafi ni nzito. Ziache mpaka ujue dakika unayoitaka.

Hatua ya 2. Zidisha uga, kwa nanotesla, mara 28. Jibu ni masafa ya mzunguko wa elektroni kwa hezi: nanotesla 250 ni hezi 7,000. Chora juu ya spektogramu (picha ya nguvu ya mawimbi kwa masafa na muda) mistari ya 0.1, 0.5 na 0.8 ya masafa hayo, hapa 700, 3,500 na 5,600. Piga hesabu kwa kila nukta ya muda, maana uga hubadilika chombo kinavyosogea.

Hatua ya 3. Korasi hukaa kati ya mistari ya 0.1 na 0.8, mara nyingi mikanda miwili yenye mwanya kwenye nusu. Mvumo wa plazmasfia (eneo la plazma nzito, baridi, lililo karibu na Dunia), hezi 100 hadi 2,000 hivi, huweza kuangukia humohumo. Fungua HFR, kipokezi cha masafa ya juu: mstari wa mseto wa juu (upper hybrid), unaofuata wingi wa elektroni, ukiporomoka ghafla, chombo kimetoka nje ya plazmasfia, na hapo ndipo korasi inapotarajiwa.

Hatua ya 4. Sasa chukua mawimbi ghafi: sampuli 35,000 kwa sekunde, takriban sekunde 6 kila kipande. Tumia dirisha la sampuli 1,024 (milisekunde 29). Ukiweka 16,384, kila dirisha linabeba karibu nusu sekunde, na milio inayopanda kwa sehemu ya kumi ya sekunde inachanganyika yote kuwa ukungu. Hili ndilo linaloharibu picha nyingi.

MASWALI

Tukuyu: Mwalimu, picha yangu ni rangi moja tupu.
Jibu: Kuna thamani za kujazia, kama -1e31. Zifute kwanza, kisha tumia skeli ya logi.

Mafinga: Saa za faili niongeze tatu?
Jibu: Ni UTC, kwa hiyo saa zetu ziko mbele kwa tatu. Ila haikusaidii kitu hapa. Angalia saa ya kisumaku ya chombo (MLT), yaani kiko upande gani wa Dunia ukilinganisha na Jua. Korasi hushamiri kuanzia usiku wa manane hadi adhuhuri.

Iringa: Nimegeuza kuwa sauti, inalia nyembamba mno.
Jibu: Umehifadhi kwa 44,100. Andika 35,000, na uondoe wastani wa sampuli kwanza, la sivyo spika inapiga "tap" mwanzoni.

Uyole: Antena ya waya haitazinasa?
Jibu: Hapana, ndugu. Mistari ya uga ya L = 5 (inayofika, juu ya ikweta, nusu-kipenyo tano za Dunia kutoka kitovu chake) hushuka ardhini kwenye latitudo ya kisumaku ya digrii 63 hivi, sisi tuko karibu na ikweta. Utanasa mikwaruzo ya radi, na mlio wa hezi 50 ukiwa karibu na nyaya za umeme.