SOMO: Kuondoa programu bandia ya ulinzi kwenye kompyuta, kuanzia kwenye kivinjari

Nimeandika somo hili ili kila anayeniuliza kuhusu onyo la "kompyuta yako ina virusi" nimwelekeze hapa, kwa sababu swali ni lile lile kutoka Tunduma hadi Makambako na jibu lake halijabadilika. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Mbeya mjini, na wengi wanaoniletea mashine zenye tatizo hili ni wenye steshenari, walimu na makarani wa vyama vya ushirika, watu ambao kompyuta ikilala siku moja kazi nzima inasimama. Tafadhali soma hadi mwisho kabla ya kuuliza.

Programu bandia ya ulinzi hujifanya antivirusi, huonyesha uchunguzi wa uongo na orodha ndefu ya virusi ambavyo havipo, kisha hudai fedha ili ivisafishe. Biashara hii ni ya siku nyingi. Desemba 2008 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki kampuni ya Innovative Marketing na washirika wake waliokuwa wakiuza WinFixer, WinAntivirus na XP Antivirus, na mwaka 2012 mahakama ilitoa hukumu ya zaidi ya dola milioni 163. Wenye Mac nao walipata ya kwao mwaka 2011, ilipotokea Mac Defender. Kilichobadilika ni mahali pa kujificha: zamani programu hizi zilijisakinisha ndani ya Windows, lakini siku hizi nyingi ninazokutana nazo hazijasakinisha chochote, zinaishi ndani ya kivinjari tu, yaani Chrome, Edge au Firefox unayofungulia tovuti.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua onyo linakaa wapi. Linaweza kuwa ukurasa uliofunguka, linaweza kuwa arifa (notification) ya tovuti uliyoiruhusu wewe mwenyewe bila kujua, na linaweza kuwa programu kamili ndani ya mashine. Ukiitibu moja kwa dawa ya nyingine, utapoteza bando na usiku mzima.

Hatua ya 1. Usilipe, usibofye "Scan now", usipige namba iliyoandikwa hapo. Ujumbe halisi wa hitilafu kutoka Microsoft hauwekwi namba ya simu hata kidogo.

Hatua ya 2. Funga ukurasa huo. Ukiwa umejaza skrini nzima, shikilia kitufe cha Esc kwa muda au bonyeza F11. Ukurasa ukikataa kufungwa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, chagua kivinjari, kisha "End task". Utakapokifungua tena na kikauliza kama kirejeshe kurasa zilizokuwa wazi, kataa, la sivyo unaurudisha ukurasa ule ule.

Hatua ya 3. Kagua arifa. Likitokea dirisha dogo pembeni chini kulia, hata lenye nembo ya antivirusi maarufu, litazame kwa makini kabla ya kuogopa. Karibu na kichwa cha habari, kwa maandishi madogo, utaona jina la kivinjari, kwa mfano Google Chrome, pamoja na anwani ya tovuti usiyoifahamu. Antivirusi ya kweli haitumi maonyo yake kwa jina la Chrome. Tovuti hiyo ilikuomba ubofye "Allow" ili uthibitishe kwamba wewe si roboti au ili filamu ianze, nawe ukabofya. Katika Chrome nenda "Settings", "Privacy and security", "Site settings", kisha "Notifications", na kwenye orodha ya walioruhusiwa bofya vitone vitatu mbele ya kila tovuti usiyoitambua, uchague "Block". Usichague "Remove", kwa kuwa tovuti iliyoondolewa tu inaweza kukuomba tena kesho. Katika Edge andika edge://settings/content/notifications kwenye sehemu ya anwani; katika Firefox fungua "Settings", "Privacy & Security", ushuke hadi "Permissions".

Hatua ya 4. Andika chrome://extensions na ufute kila kiendelezi (extension, yaani programu ndogo inayoongezwa ndani ya kivinjari) usichokumbuka kukiweka, hasa vile vinavyojiita walinzi, vigeuzi vya PDF na vitafuta kuponi.

Hatua ya 5. Rejesha mipangilio ya kivinjari, lakini soma aya hii yote kwanza. Ndani ya "Settings" kuna "Reset settings". Kitendo hicho hurudisha ukurasa wa mwanzo na mtambo wa utafutaji wa awali, huzima viendelezi na hufuta vidakuzi (cookies, kumbukumbu ndogo ambazo tovuti hukutambua kwazo), ila hakigusi vialamisho (bookmarks), historia wala nywila ulizohifadhi. Kwa kuwa vidakuzi vimefutwa, utatolewa kwenye kila akaunti uliyokuwa umeingia, hivyo hakikisha unazijua nywila zako kabla ya kuanza. Hatari kubwa iko kwa anayeruka hatua hii na kuamua kukisanidua kivinjari chote. Wakati wa kusanidua Chrome hutokea kisanduku kinachouliza kama ufute pia data ya kuvinjari. Niliwahi kukiwekea alama kwenye mashine ya mteja ambaye hakuwa amesawazisha (sync) akaunti yake, yaani hakuwa na nakala ya data yake kwenye akaunti, na nywila zake zote za kazi zikaondoka. Usikiwekee alama. Jambo la pili, kabla ya kurejesha mipangilio zima usawazishaji wa akaunti, kwa sababu kiendelezi kibaya kilichohifadhiwa kwenye akaunti kitashuka tena mara tu utakapoingia, nawe utadhani dawa haikufanya kazi. Jambo la tatu, ukizipakua nywila zako ili uwe na nakala, faili hilo halina kufuli lolote na kila anayelifungua anazisoma, kwa hiyo usiliache kwenye flashi inayozunguka madukani. Wenye Firefox wana unafuu: andika about:support, bofya "Refresh Firefox", na data yako ya zamani itawekwa kwenye folda ya "Old Firefox Data" juu ya dawati.

Hatua ya 6. Ikiwa onyo linatokea hata kivinjari kikiwa kimefungwa na hakionekani kwenye ile orodha ya Ctrl, Shift na Esc, basi una programu ndani ya mashine. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika appwiz.cpl, panga orodha kwa tarehe na usanidue kilichoingia siku tatizo lilipoanza. Ikigoma, shikilia Shift huku ukibofya "Restart", pita "Troubleshoot", "Advanced options" na "Startup Settings", uwashe upya na ubonyeze 4 ili uingie katika hali salama, kisha ujaribu tena. Mashine iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli la diski la Windows, inaweza kudai ufunguo wa urejeshaji hapo, hivyo uwe nao karibu.

Angalizo kuhusu Windows na R, kwa kuwa nimekuambia uvitumie. Tangu mwaka 2024 zimeenea kurasa zinazojifanya kipimo cha roboti, ambazo hukuelekeza ubonyeze Windows na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Ukurasa umekwisha kukunakilia amri bila wewe kuiona, nawe ndiye unayeiendesha kwa mkono wako. Hakuna kipimo halali cha roboti kinachotaka hivyo. Kwenye kisanduku hicho andika kwa vidole vyako kile unachokijua, usibandike kitu.

Hatua ya 7. Fungua "Windows Security", "Virus & threat protection", "Scan options", na uchague uchunguzi wa nje ya mtandao (offline scan) wa Microsoft Defender, antivirusi iliyomo ndani ya Windows yenyewe. Hifadhi kazi zako kwanza, kwa sababu kompyuta itajizima na kuwaka yenyewe, na uchunguzi huchukua takriban dakika 15. Ufanye ukiwa umeunganisha chaja.

Hatua ya 8. Kwenye mipangilio ya mtandao ya Windows, sehemu ya "Proxy", zima proksi (kompyuta ya kati inayopitisha mtandao wako) usiyoiweka mwenyewe. Kisha bofya kulia alama ya kivinjari iliyo juu ya dawati, fungua "Properties", na usome mstari wa "Target". Baada ya chrome.exe na alama ya kufunga nukuu pasiwe na anwani ya tovuti, ikiwepo, ifute.

Hatua ya 9. Badilisha nywila muhimu ukitumia kifaa kingine kilicho salama.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Uyole: Mkuu, nimefuata yote lakini tangazo bado linakuja. Nisaidie haraka, kuna mtu anasubiri barua yake.

Jibu: Hatua ya 3 umeifanyia kivinjari kipi?

Mdau wa Uyole: Hiyo sijaifanya, nilianzia ya 7 kwa sababu ndiyo ya kuondoa virusi.

Jibu: Basi hukufuata yote. Rudi hatua ya 3, na ikiwa una Chrome na Edge pamoja, ifanye kwenye vyote viwili.

Mwalimu wa Tukuyu: Habari za kazi, fundi. Nimefanikiwa, nashukuru sana, ila kuna jambo nataka kulielewa ili niwafundishe wanafunzi wangu. Inawezekanaje tovuti initumie maonyo wakati ukurasa wake nilishaufunga siku nyingi?

Jibu: Swali zuri sana, Mwalimu. Unapobofya "Allow", tovuti huacha ndani ya kivinjari kipande kidogo cha programu kinachobaki hata ukurasa ukifungwa. Mwenye tovuti hutuma ujumbe kwenye seva za kampuni ya kivinjari, nazo huufikisha kwako wakati wowote kivinjari kinapokuwa kinafanya kazi, hata kama ni kwa nyuma tu bila dirisha kuonekana. Chrome ilianza kuwa na uwezo huu mwaka 2015, nao una manufaa ya kweli, kwa mfano kwa barua pepe na kalenda. Matapeli walipouvamia, vivinjari vilijibu: Firefox toleo la 72, Januari 2020, iliacha kurusha ombi mbele ya uso wako mpaka uguse alama iliyo karibu na anwani, na Chrome toleo la 80, mwezi uliofuata, ilileta ombi la utulivu zaidi. Wafundishe wanafunzi pia kwamba katika ukurasa ule ule wa "Notifications" wanaweza kuzizuia tovuti zote zisiombe kabisa. Kwenye kompyuta za maabara ya shule ningefanya hivyo bila kusita.

Fundi Kijana, Tunduma: Kwa nini unawachosha watu na hatua zote hizi? Piga Windows upya, saa moja kazi imekwisha.

Jibu: Saa moja ni kwako wewe uliye na flashi ya Windows tayari. Mwenye steshenari ana programu za printa, leseni na mafaili ya wateja ambayo hana nakala yake, na kwa tatizo la arifa iliyo kwenye kivinjari hakuna sababu ya kumfutia mashine. Zaidi ya hayo, ukishapiga Windows upya naye akaingia kwenye akaunti yake iliyosawazishwa, kiendelezi kibaya kinarudi pamoja na vialamisho. Kupiga upya kunafaa pale ambapo mtu wa nje alishaingia kwenye mashine na huwezi kujua alifanya nini.

Mkulima wa parachichi, Njombe: Kamwene. Mimi Chrome yangu imeandika "Managed by your organization" na kiendelezi kimoja hakina kitufe cha kukifuta. Kompyuta ni yangu binafsi, sina shirika lolote.

Jibu: Kamwene, ndugu. Hilo nilipaswa kuliweka juu, na asante kwa kulieleza vizuri. Maneno hayo hutokea Chrome inapokuwa imewekewa sera, yaani amri zinazoandikwa kwenye sajili ya Windows (registry, hazina ya mipangilio yake) ili ofisi kubwa zisimamie vivinjari vya wafanyakazi. Programu mbaya hujiandikia sera yake ili kiendelezi chake kisifutike. Andika chrome://policy na utafute mstari wa ExtensionInstallForcelist, ambao utakuonyesha herufi za utambulisho wa kiendelezi hicho. Kwanza iondoe programu iliyoileta, kwa hatua ya 6 na ya 7, kwa sababu ikiwa hai itaiandika upya. Kisha fungua regedit, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE, Software, Policies, Google, Chrome, na upite njia hiyo hiyo chini ya HKEY_CURRENT_USER. Kabla ya kufuta folda ya ExtensionInstallForcelist, bofya kulia na uchague "Export" ili ubaki na nakala. Fahamu kwamba baadhi ya antivirusi halali nazo huweka sera, hivyo linganisha herufi hizo kwanza. Kama kompyuta ingekuwa ya ofisi ningekuambia uiache kama ilivyo.

Dada wa steshenari, Mafinga: Mimi nilishapiga ile namba na mtu akaniwekea AnyDesk, nikampa na namba za kadi ya benki. Aliniambia atanirudishia. Nifanye nini?

Jibu: Pole sana, dada. Anza na benki, sasa hivi, uwaombe waifunge kadi hiyo. Ukisubiri kurudishiwa utaongeza hasara. Chomoa kompyuta kwenye intaneti, sanidua AnyDesk, kwa kuwa ni programu inayomwezesha mtu kuiendesha kompyuta yako akiwa mbali, kisha badilisha nywila zako kwa kutumia simu. Tunza risiti, ujumbe na namba uliyopiga, uripoti polisi, kwa kuwa utapeli wa namna hii umo ndani ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Akikupigia mtu mwingine akijitolea kukurejeshea fedha kwa ada kidogo, ni mwendelezo wa utapeli ule ule. Na kwa mashine yako, hapa ndipo ninapokubaliana na Fundi Kijana: hifadhi mafaili yako na upige Windows upya.

Mdau wa Chunya: Huku mtandao ni wa kusuasua na bando ni ghali. Defender yangu haijasasishwa muda mrefu. Kuna njia?

Jibu: Ipo. Kwenye mashine ya mjini fungua tovuti ya Microsoft, upakue faili la masasisho la Defender linaloitwa mpam-fe.exe, likiwa la biti 64 au 32 kulingana na kompyuta yako, ulibebe kwa flashi na kuliendesha ukiwa nyumbani. Lipakue siku hiyo hiyo unayosafiri, maana hutolewa mapya mara kwa mara.

Mdau wa Chunya: Flashi yenyewe ikipita steshenari inageuza mafaili yote kuwa njia za mkato.

Jibu: Mafaili hayajapotea, yamefichwa tu. Usibofye hizo njia za mkato. Ichunguze flashi kwa Defender, kisha fungua "Command Prompt" na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako. Folda zako zitaonekana, nawe utafuta njia za mkato. Ukinunua flashi ya kubebea masasisho, chagua yenye swichi ya kuzuia kuandikwa kama utaipata, kwa sababu mashine chafu haitaweza kuiwekea kitu.