Picha ya Nkuhungu kwenye Tangazo la Ulaya: Nani Mwenyewe?

Desemba iliyopita tulimfanyia sendoff binti wa dada yangu, Nkuhungu, Dodoma. Mpiga picha alikuwa kijana wa mtaa uleule: kamera moja, lenzi mbili, betri za akiba anazichaji nyuma ya spika za DJ. Katika picha zote alizotutumia, moja ilikuwa ya peke yake. Dada yangu anamfunga binti yake kanga kiunoni, kafumba macho, pini kaibana kwa meno. Nikairusha kwenye grupu la ukoo, nikapanda ndege kurudi Hamburg.

Haukupita mwezi nikaikuta kwenye tangazo la muuza vitenge, Mtanzania mwenzetu aishiye huku huku Ulaya. Jina la kijana lililokuwa pembeni limekatwa, juu kumeandikwa bei kwa yuro. Nikampigia.

"Dada, mbona imo kwenye grupu? Kila mtu anayo."

Kila mtu anayo, ndiyo, lakini si kila mtu mwenyewe. Picha ya mtu ina wenyewe wawili, aliyepiga na aliyepigwa, na kila mmoja ana sheria yake.

Tuanze na aliyepiga. Tanzania inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na picha za kamera zimo. Haki inazaliwa pale kitufe kinapobonyezwa. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunasaidia kupata ushahidi, lakini si kusajili kunakoizaa haki. Tena Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, kwa hiyo kijana wa Nkuhungu akidai haki yake Ujerumani, Uingereza au Marekani anahesabiwa kama mpiga picha mzawa wa huko. Wengi wetu tunadhani picha za Bongo zikishavuka bahari ni za bure. Si kweli.

"Lakini tulimlipa!" Hapo ndipo familia nyingi zinapokosana na wapiga picha. Marekani, kumlipa mpiga picha wa harusi hakukupi hakimiliki mpaka kuwe na maandishi. Uingereza ni vivyo hivyo, ila sheria yao ya 1988 inampa aliyeagiza picha za shughuli ya kifamilia haki ya kuzuia zisitolewe hadharani. Mpiga picha anabaki mwenyewe, nawe unabaki na kufuli la mlango. Mimi siku hizi kabla sijatuma hela ya utangulizi naandika ujumbe mmoja wa WhatsApp: "Picha tutazichapa, tutazituma kwa ndugu na kuziweka kwenye kurasa zetu. Wewe unaweza kuonyesha kumi kwenye ukurasa wako, tutakazokubaliana. Biashara ya mtu mwingine hapana, mpaka tuulizwe sote. Umekubali?" Akijibu "Nimekubali", huo ni ushahidi wa mlichopatana. Usiufute.

Muuza vitenge aliiondoa picha siku ileile, akamtumia kijana hela kwa simu. Kwa kijana yakaisha. Kwa dada yangu hayakuisha. "Yaani mimi nimekuwa sanamu la dukani?" aliniuliza, na nilikosa la kumjibu kwa sababu aliyeirusha kwenye grupu ni mimi.

Malalamiko ya dada si ya hakimiliki, ni ya faragha. Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, inalinda maisha binafsi ya mtu na familia yake. Juu yake imekuja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume ya kupelekewa malalamiko. Wakenya walitutangulia na sheria yao ya 2019. Mwaka 2023 shule moja Nairobi ilitozwa zaidi ya shilingi milioni nne na nusu za kule kwa kutangaza picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Kwa hiyo wewe unayechangia kituo cha watoto huko Chamwino au Kongwa na kuweka nyuso zao kwenye ukurasa wa michango, ulizia ridhaa ya wazazi au walezi kwanza. Kuchangia hakukupi ruhusa.

Ujerumani wana sheria ya 1907 inayosema sura ya mtu haitangazwi bila ridhaa yake. Asili yake ni msiba. Bismarck, kansela wa zamani wa Ujerumani, yuleyule aliyeitisha mkutano wa Berlin ambako Afrika iligawanywa, alifariki 1898 huko Friedrichsruh, jirani na Hamburg ninapokaa. Wapiga picha wawili wakaingia kwa dirisha usiku, wakaipiga picha maiti yake kitandani, wakaenda kutafuta mnunuzi. Walifungwa, na kelele zile ndizo zilizozaa sheria. Mpaka leo, kwa miaka kumi baada ya mtu kufariki, ridhaa ya kutangaza picha yake iko kwa ndugu zake wa karibu. Binafsi naona Wagogo tungeielewa sheria hiyo bila wakili, lakini ndio sisi tunaorusha picha za marehemu ndani ya jeneza kabla hata watoto wake walio nje hawajapigiwa simu.

Na wagonjwa je? Ndugu amelazwa Dodoma, mnachangishana, mtu anatuma picha yake akiwa na mipira puani. Ujerumani, kupiga au kusambaza picha inayoonyesha mtu akiwa hoi, hajiwezi, bila idhini yake, ni kosa la jinai linaloweza kukufunga hadi miaka miwili. Bili ya hospitali inatosha kuonyesha mahitaji, na namba ya faili ifunikwe.

Walio Ghuba ndio wawe macho zaidi. Falme za Kiarabu, kumpiga mtu picha bila idhini na kuisambaza kunaweza kukuletea faini ya kuanzia dirhamu 150,000 na kifungo. Saudia, kutumia kamera ya simu kuingilia faragha ya mtu kunafika mwaka mmoja jela na riyali 500,000. Dada unayefanya kazi za ndani, video ya kuwaonyesha wa nyumbani jikoni kwa bosi ikinasa watoto wake, usiirushe.

Ukikuta picha yako au ya ndugu imeibwa, usianze kwa matusi kwenye maoni, maana ataifuta na ushahidi utapotea. Piga picha ya skrini inayoonyesha anwani ya ukurasa na tarehe, mwombe mpiga picha faili halisi lenye ukubwa wake wote, kisha ripotini kwa fomu ya hakimiliki ya mtandao husika. Mitandao mikubwa mingi ni ya Marekani, na sheria yao ya 1998 imewawekea utaratibu wa kuondoa kazi iliyolalamikiwa. Fomu haihitaji wakili, ila ajaze mwenye hakimiliki au aliyemruhusu. Aliyepigwa anajaza ile ya faragha. Na faili halisi likitumwa kama hati huweza kubeba mahali picha ilipopigwa, mpaka nyumba yenyewe. Ifute taarifa hiyo ya mahali kabla faili halijaenda kwa usiyemjua.

Siku moja kabla ya kuondoka nilipita soko la Majengo kununua ubuyu. Bibi muuzaji alikuwa ameupanga kwa visado, mwekundu upande huu, mweupe upande ule, nikamwamkia "Mbukwenyi", nikaomba kumpiga picha.

"Nayo itakwenda wapi?"

"Kwa wanangu Hamburg, bibi. Hapo tu."

Akaniangalia, akainua kopo la chenji akalificha chini ya meza. "Basi ngoja nifunge kilemba vizuri. Na mimi uniletee yangu ya karatasi."

Nilimchapishia jioni ileile. Alichagua ile ambayo mimi ningeifuta.