Jinsi ya kusajili mapitio ya kimfumo PROSPERO ukianza na utafutaji wa makala

PROSPERO ni rejesta ya mapitio ya kimfumo ya afya (tafiti zinazokusanya na kuchambua kwa utaratibu makala zote zilizojibu swali moja), iliyoanzishwa mwaka 2011 na Chuo Kikuu cha York, Uingereza. Kusajili ni bure, ila ufanye hivyo kabla hujaanza kuchukua takwimu kutoka kwenye makala. Wengi hukimbilia fomu, na wakifika sehemu ya utafutaji wanaandika "PubMed (kanzidata ya makala za tiba) na Google" basi. Tengeneza utafutaji kwanza.

Swali
Tuseme unauliza hivi: kwa wajawazito, je, dawa ya dihydroartemisinin-piperaquine inakinga malaria vizuri kuliko SP (sulfadoxine-pyrimethamine)? Kabla ya lolote, angalia humo humo PROSPERO kama kuna aliyekwisha kulisajili.

Maneno ya kutafutia
Hapa usiwe na haraka. Gawa swali katika makundi: malaria, ujauzito, dawa. Matokeo, kama vile uzito wa mtoto, yaache nje ya utafutaji, kwa kuwa ikisiri nyingi hazitaji kila kilichopimwa na utapoteza makala nzuri. Ndani ya kundi unganisha visawe kwa OR; kati ya makundi weka AND. SP peke yake ina majina kadhaa: Fansidar, sulfadoxine, na kwa tahajia ya Kiingereza cha Uingereza, sulphadoxine. Ukisahau hiyo "ph", makala zilizoandikwa hivyo zinaweza kukupita. Kinyota husaidia: pregnan* huleta pregnant, pregnancy na pregnancies. Lakini ukikitumia, PubMed huacha kukuunganishia neno hilo na istilahi zake za MeSH (orodha ya maneno rasmi ambayo makala hupangiwa kwa mada), kwa hiyo ziongeze mwenyewe. Wala usitegemee MeSH tupu, maana makala mpya huweza kukaa bila kupangiwa istilahi hizo.

Mpe mkutubi wa chuo chako aupitie utafutaji huo. Kwa maoni yangu, huyu anastahili kuombwa mapema kuliko mtakwimu.

Mahali pa kutafuta
PubMed ni bure, Embase, kanzidata nyingine ya tiba, ni ya kulipia; uliza kama taasisi yako inayo. Ongeza CENTRAL ya Cochrane (shirika la kimataifa la mapitio ya kimfumo) kwa majaribio ya tiba, African Index Medicus kwa makala za afya za Afrika, na rejesta ya Pan African ya majaribio. Usiweke kikomo cha lugha bila sababu: tafiti za malaria za Msumbiji zinaweza kuwa kwa Kireno, na za Kongo kwa Kifaransa.

Fomu
Fungua akaunti, kisha jaza kwa Kiingereza: swali, kanzidata zote, vigezo vya kuchagua tafiti, namna ya kupima upendeleo (kasoro zinazoweza kupotosha matokeo ya utafiti), waandishi na wafadhili. Mapitio ya upeo (scoping review, yanayoonyesha tu ni tafiti gani zipo) hayapokelewi. Ukikubaliwa utapata namba inayoanza na CRD42, uitaje kwenye makala yako. Namba hiyo haithibitishi ubora wa kazi, wala si kibali cha maadili. Ukibadili mpango baadaye, hariri na ueleze sababu. Toleo la zamani litabaki likionekana.

Siku ya kutafuta
Kwa kila kanzidata andika tarehe, mfuatano mzima wa maneno, na idadi ya makala kabla ya kuondoa zinazojirudia. Mchoro wa PRISMA 2020, mwongozo wa kuripoti mapitio ya kimfumo, utazidai namba hizo. Kazi ikichelewa, rudia utafutaji: Cochrane hutaka uwe umefanywa ndani ya miezi 12 kabla ya kuchapishwa.