Mambo ya kuzingatia kabla hujaweka Moodle kwenye seva ya chuo

Mkuu wa chuo ametoka semina, amekuita ofisini, anataka muhula ujao wanafunzi wakusanye kazi zao mtandaoni. Umesema sawa, mkuu. Umerudi kwenye meza yako, umefungua video ya dakika 12, na jamaa kwenye video anasakinisha Moodle, programu ya kuendeshea masomo mtandaoni, juu ya mfumo wa Ubuntu kama anakoroga uji. Ngoja kwanza. Kusakinisha ndiyo sehemu nyepesi. Kuna mambo ya kumaliza kabla hujaandika amri ya kwanza, na mengine ya kumaliza kabla hujampa mwanafunzi hata mmoja nenosiri.

Chagua mfumo utakaodumu. Chukua Ubuntu ya LTS, yaani yenye huduma ya muda mrefu, si zile za katikati zinazotelekezwa baada ya miezi tisa. Ya 24.04 inahudumiwa hadi 2029 na inakuja na toleo la 8.3 la PHP, lugha ambayo Moodle imeandikwa kwayo, na Moodle 4.5 inalikubali. Soma mahitaji ya toleo unalolitaka kabla ya kupakua, maana Moodle ina kiwango cha chini cha PHP na kiwango cha juu pia. Mpya kuliko zote si lazima iwe ndiyo.

Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la chuo, si kwa jina la kijana mwenye kadi ya benki. Na lipatikane kabla ya kusakinisha. Wengi wanasakinisha kwa anwani ya ndani, 192.168 na kadhalika, wanafurahi inafunguka ofisini, kisha mwanafunzi aliyeko nyumbani anabonyeza na kuzungushwa kwenye anwani ambayo simu yake haiwezi kuifikia. Moodle imeandika anwani hiyo kwenye config.php, faili lake la mipangilio, mstari wa wwwroot, na viungo vingine walimu wameshavibandika ndani ya masomo. Utavifukua kimoja kimoja.

Kabla hujawasha ufw, ukuta wa kuzuia wageni kwenye seva, ruhusu SSH, njia ya kuingia ukiwa mbali. Kwa mpangilio huo huo. Ukiugeuza utapanda bodaboda usiku kwenda kukaa mbele ya mashine yenyewe, na kama seva ni ya kukodi Ujerumani, bodaboda haifiki.

Cheti cha HTTPS cha Let's Encrypt ni bure na huishi siku 90. Certbot, programu inayokiomba, hukihuisha yenyewe, ila kama unathibitisha kwa njia ya kawaida ya HTTP, mlango wa 80 lazima ubaki wazi. Jaribu kuhuisha kwa --dry-run, yaani kwa majaribio tu, siku hiyo hiyo uliyokiweka, usisubiri siku ya 91.

Mtu akikuambia "weka 777 tu, itakubali", mshukuru kisha usimsikilize, maana 777 humpa kila mtu kwenye mashine ruhusa ya kusoma na kuandika. Mafaili ya programu yawe ya root (msimamizi mkuu wa mashine), Apache (programu inayotoa kurasa za tovuti) iyasome bila kuyaandika. Folda ya moodledata, yanakokaa mafaili ya wanafunzi, iwe ya www-data, mtumiaji wa Apache, na ikae nje kabisa ya folda ambayo Apache inaionyesha kwa dunia. Mle ndani kuna kazi za watu na picha zao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na hata isingekuwepo, ni watoto wa watu.

php.ini, yaani mipangilio ya PHP, ziko mbili, kumbuka hilo. Moja ni ya Apache, nyingine ni ya mstari wa amri, na ukirekebisha moja utashangaa kwa nini nusu ya mambo bado yanagoma. Max_input_vars, idadi ya vipengele vya fomu moja, inakuja na 1000, Moodle inataka 5000. Upload_max_filesize inakuja na MB 2, yaani mwanafunzi akipiga picha daftari lake kwa simu ya siku hizi, picha moja tu imeshazidi. Ukiipandisha, pandisha na post_max_size pamoja nayo.

Kuhusu memori, watu hupima seva kwa siku ya kawaida, na Moodle haiui seva siku ya kawaida. Inaiua siku ya jaribio, wanafunzi 200 wanapobonyeza kuanza ndani ya dakika moja. Apache ya Ubuntu kwenye mpangilio wake wa prefork, mchakato mmoja kwa kila mgeni, huruhusu michakato 150 kwa pamoja. Kila mmoja ukila MB 50, hiyo ni GB 7.5, na wewe umekodi seva ya GB 2. Linux ikibanwa humtafuta mlafi mkubwa na kumwua, na mara nyingi mlafi huyo ni MariaDB, programu ya hifadhidata. Wanafunzi wanaona hifadhidata haipatikani, wewe unaona simu 17 ambazo hukupokea. Punguza MaxRequestWorkers, kikomo cha michakato hiyo, ilingane na memori uliyonayo, weka faili la swap la kusaidia memori, na waombe walimu jaribio lifanywe kwa makundi.

Cron ya Moodle, kipanga-ratiba cha kazi zake, iende kila dakika. Isipokwenda, matangazo ya walimu hayatumwi kwa barua pepe, na lawama ni zako. Waambie pia mapema kwamba ujumbe wa kwenye jukwaa la somo husubiri dakika 30 kabla ya kutumwa ili mwandishi apate nafasi ya kuurekebisha. Usipowaambia, watakupigia dakika ya pili.

Halafu saa. Seva nyingi zinakuja zikiwa kwenye UTC, saa tatu nyuma yetu. Iweke Africa/Dar_es_Salaam kwa amri ya timedatectl, uwashe cron upya ili nayo ijue, kisha uweke hiyo hiyo ndani ya Moodle. Sisi tuna mtego wetu wa ziada. Kijana mmoja niliyefanya naye kazi alitaka kazi fulani nzito iende saa nane usiku, akaandika 8. Kwa kompyuta 8 ni saa mbili asubuhi, na kwa kuwa seva ilikuwa kwenye UTC, kazi ikawa inaanza saa tano asubuhi, katikati ya vipindi. Wiki nzima tulilaumu intaneti.

Sasa bakapu. Hapa nitakaa kidogo, mniwie radhi.

Seva yetu ilikuwa mashine ya mezani iliyokaa chini ya meza kwenye chumba cha TEHAMA, na UPS ambayo betri yake ilishachoka. Bakapu nilikuwa nayo, tena nilijivunia. Skripti ya mistari sita: kila usiku mysqldump inatoa hifadhidata nzima, inaipitisha kwenye gzip inayobana ukubwa, faili linapewa jina la tarehe na kupelekwa kwenye kompyuta ya ofisi ya mhasibu. Yanayozidi siku 14 yanafutwa, diski isijae. Folda ya moodledata inanakiliwa kwa rsync. Kila Jumatatu nilifungua folda ile, nikaona mafaili 14, tarehe zimepangana kama vyeti ukutani, nikafunga, nikaenda kunywa chai.

Wiki moja kabla ya mitihani ya mwisho wa muhula umeme ukakatika na kurudi mara tatu ndani ya robo saa. Msaidizi wangu alinipigia saa moja kasoro asubuhi. "Kaka, ile mashine inafanya tik, tik, halafu inanyamaza." Nikamwambia tulia, bakapu ipo. Nilifika, nikaweka diski nyingine, Ubuntu upya, Moodle ya toleo lile lile, kufikia saa nne nimemaliza. Nikachukua faili la usiku uliopita nikalipandisha. Likaisha kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe.

Hifadhidata ya wanafunzi 600 haipandi hivyo. Nikaandika ls -l, nione ukubwa wa mafaili.

Baiti 20. La juzi, baiti 20. La kabla ya juzi, baiti 20. Yote 14.

Gzip ukiipa hewa itakufungia hewa hiyo vizuri kabisa, na kifurushi cha hewa kina uzito wa baiti 20. Wiki tatu nyuma kijana wa mafunzo kwa vitendo alikuwa amemaliza muda wake, nami nikabadilisha nenosiri la hifadhidata kama inavyotakiwa. Nikalibadilisha kwenye config.php, tovuti ikafunguka, nikaridhika. Kwenye skripti ya bakapu sikulibadilisha. Tangu usiku ule mysqldump ilikuwa inabisha hodi na kufukuzwa mlangoni, haitoi kitu. Gzip inakifunga hicho kisichokuwepo. Na kwa kuwa gzip ndiyo ya mwisho kwenye mstari na yenyewe haikukosea, mstari wote ukahesabika umefaulu. Ile amri ya kufuta mafaili ya zamani haikuhitaji nenosiri la mtu. Ikaendelea, kila usiku bakapu moja nzima inafutwa na moja ya hewa inaingia, mpaka nzima zikaisha. Malalamiko ya mysqldump cron iliyapokea, ikataka kuyatuma kwa barua pepe, seva haina programu ya barua, ikaandika kwenye logi kwamba inayatupa. Iliandika hivyo kila usiku kwa wiki tatu. Kuisoma logi ilikuwa kazi yangu.

Moodledata ilikuwa salama, GB 11 kamili, na hapo nikadhani nimepona. Sikupona. Moodle haihifadhi faili kwa jina alilolipa mwanafunzi. Inakokotoa SHA-1, yaani alama ya kidole ya yaliyomo, herufi na tarakimu 40, na hilo ndilo linakuwa jina la faili kwenye diski. Jina halisi, mwenye kazi, somo na tarehe, vyote vinakaa kwenye hifadhidata. Kwa hiyo nilikuwa na kazi za wanafunzi wote na sikujua hata moja ni ya nani. Nikaingia folda 3f, ndani yake folda nyingine, ndani yake faili lisilo na mkia. Nikalibandika .docx, likafunguka: insha ya kufundisha hisabati darasa la tatu, ukurasa wa kwanza jina la binti na namba yake ya usajili. Tukakaa watu watatu siku nne tukifungua moja moja. Walioandika majina yao ukurasa wa kwanza tuliwapata. Wasioandika waliitwa ofisini kutambua kazi zao kwenye skrini, kama watu wanaotafuta viatu vyao msikitini baada ya swala ya Ijumaa.

Alama zilizokwisha kutolewa zilipotea, isipokuwa za mama mmoja, mwalimu wa Kiswahili, ambaye zake zote alikuwa ameziandika kwenye kaunta buku. Tangu mwanzo alikuwa akiniambia, "Mwanangu, mashine yako nitaitumia, lakini siiamini." Siku ile nilimwamkia shikamoo mara mbili. Walimu wengine walisahihisha upya, na kuna mmoja ambaye mpaka leo tukipishana koridoni anatazama pembeni.

Kwa hiyo fanya hivi. Juu ya skripti ya bakapu weka set -o pipefail, ili mmoja kwenye mstari akishindwa, mstari wote uhesabike umeshindwa. Nenosiri likae kwenye faili moja lenye ruhusa 600, lisomwe na mwenyewe tu, na ukilibadilisha uwe na orodha ya kila mahali linapotumika. Skripti ipime ukubwa wa faili la leo dhidi ya la jana. Likipungua ghafla isimame, isifute chochote. La zamani lifutwe baada ya jipya kuthibitishwa. Hifadhidata, moodledata na config.php viende pamoja, vya usiku mmoja, pamoja na namba ya toleo la Moodle, na nakala moja ilale nje ya jengo. Ofisi ya mhasibu iko jengo lile lile, moto hauulizi.

Watu wengi huweka taarifa ya bakapu kushindwa. Mimi nimeigeuza, skripti yangu inanitumia ujumbe ikifaulu, pamoja na ukubwa wa faili. Asubuhi nisipouona ujumbe, najua kuna jambo, hata kama kilichokufa ni hicho chenye kutuma ujumbe.

Halafu ipandishe bakapu. Faili ambalo hujawahi kulipandisha usiliite bakapu mbele yangu. Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi nachukua laptopu kuukuu, napandisha kila kitu, naingia kama mwanafunzi, nafungua kazi aliyoikusanya. Hiyo ya mwisho usiiruke. Hifadhidata ikipanda bila moodledata, ukurasa unafunguka vizuri, majina ya mafaili yote yapo, na ukibonyeza hakuna faili.

Yaliyobaki ni ya uangalifu wa kawaida. Usipandishe toleo wiki ya mitihani, wala Ijumaa jioni. Akaunti ya msimamizi isiwe moja inayotumiwa na watu wanne. Ongezo lolote la Moodle lisilo na sasisho kwa miaka mitatu, liache lilipo. Tazama df -h, nafasi ya diski, tazama na df -i, idadi ya mafaili, maana diski inaweza kukataa kupokea faili jipya huku nafasi ipo, namba za mafaili zimekwisha. Betri ya UPS ipimwe kwa kuchomoa waya ukutani, mchana, wakati hakuna mtihani. Andika kila kitu kwenye karatasi, siyo kwenye seva ile ile unayoiandikia maelezo. Na ufunguo wa chumba cha seva uwe na watu wawili. Mara ya mwisho tulipouhitaji, aliyekuwa nao alikuwa msibani Songea.