Lenzi ya makro kwa picha za kila siku

Kwa miezi minne nimetembea Mji Mkongwe na lenzi moja tu: Canon EF 100mm f/2.8L Macro, lenzi ya makro, yaani ya kupiga vitu vidogo kwa karibu sana. Watu huniuliza, "Leo unapiga wadudu gani?" Siku nyingi napiga watu.

Kabla ya kutoka, tazama swichi ya umbali wa fokasi (ulengaji wa ukali wa picha) ubavuni mwa lenzi. Iweke kwenye mita 0.5 hadi mbali kabisa. Ukiiacha kwenye eneo zima (FULL), fokasi itakwenda na kurudi kama mtu aliyepoteza funguo, na muuza kahawa atakuwa keshamaliza kumimina. Irudishe kwenye eneo zima tu unapotaka njumu ya mlango au karafuu mkononi.

Kasi ya shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, isishuke chini ya 1/200 ya sekunde. Kwa mtu anayetembea napenda 1/500. Sura nazipiga kwa tundu la lenzi la f/4, maana f/2.8, tundu pana zaidi, kwa karibu hunipa jicho moja kali na jingine ukungu. Lenzi hii haina huruma: kila kitundu cha ngozi huonekana. Bibi yangu alipoiona picha yake alisema nimemzeesha. Tangu hapo namweka kivulini, karibu na dirisha.

Ukisogea hadi kitu kitoke kwa ukubwa wake halisi kwenye kihisi cha kamera, mwanga unaofika hupungua hadi kama robo. Pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga.

Vichochoroni utarudi nyuma mpaka mgongo ugonge ukuta, na bado familia nzima haitoshei, maana lenzi hii huona eneo jembamba. Hapo mimi hutoa simu, bila aibu.