Kabla ya kufunga turbo kwenye injini ya kawaida: maandalizi ya gari la Bukavu

Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapo ndipo hamu ya turbo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kusukuma hewa zaidi ndani ya silinda, inapoanzia. Hewa ya huku ni nyepesi. Presha yake ni kama bari 0.85, wakati pwani ya Dar es Salaam ni bari 1. Injini isiyo na turbo inavuta hewa pungufu kwa karibu asilimia 15, na nguvu nayo inapungua hivyo hivyo. Aliyepanda mtaa wa mlimani wa Kadutu na abiria wanne hahitaji kuelezwa.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss aliipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak, karibu mita 4,300. Bila turbo ilitoa nguvu farasi 230. Ilipofungwa turbo ikatoa 356, karibu sawa na ilichokuwa ikitoa chini bondeni. Kazi ya turbo milimani, basi, ni kurudisha hewa iliyopungua na kuongeza kidogo juu yake. Mtu akiichukulia hivyo, injini yake itaishi. Anayetaka nguvu mara mbili aweke kwanza fedha ya kuifungua injini yote, pistoni kwa pistoni.

Nitazungumzia Toyota RAV4 ya toleo la kwanza, yenye injini ya 3S-FE, kwa sababu ndiyo ninayoijua. Uwiano wake wa mgandamizo, yaani pistoni inavyoibana hewa ndani ya silinda, ni 9.5 kwa 1 hivi. Toyota wenyewe walipotengeneza ndugu yake mwenye turbo, 3S-GTE, hawakuchukua injini ile ile wakaining'inizia turbo ubavuni. Walishusha uwiano huo hadi kati ya 8.5 na 9, wakatia pistoni imara zaidi na vijipua vinavyorusha oili chini ya kila pistoni ili kuipoza. Wewe huna hivyo vyote. Ndiyo maana nasema usivuke bari 0.4 juu ya hewa ya nje. Kwa hapa Bukavu, 0.15 ya kwanza inakufikisha pwani tu. Iliyobaki ndiyo faida. Ni faida ya kutosha.

Kabla ya kununua chochote, pima injini uliyonayo. Hapa kuna mtego unaowakamata hata mafundi wazuri. Vipimo vya presha ya mgandamizo ndani ya silinda vilivyo kwenye kitabu cha gari ni vya usawa wa bahari. Kitabu kikisema bari 12, injini nzima kabisa hapa kwetu itaonyesha 10 au zaidi kidogo. Nimeona injini yenye afya ikihukumiwa kifo kwa sababu hiyo. Kinachosema ukweli ni tofauti kati ya silinda na silinda: ikizidi bari 1, usifunge turbo. Ongeza kipimo cha uvujaji, ule wa kusukuma hewa ndani ya silinda na kusikiliza inatokea wapi. Ikisikika kwenye mdomo wa kujazia oili, ringi zimechoka. Ikitoka mapovu kwenye rejeta, gasketi ya kichwa cha injini imekwisha. Turbo haitengenezi injini mbovu, inaimaliza upesi.

Sasa mafuta, ambayo ndiyo yanayoua injini nyingi za namna hii. Hewa ikisukumwa kwa nguvu, joto ndani ya silinda linapanda, na esansi dhaifu inalipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Ndiko kugonga kwa injini. Kwenye injini ya kawaida utasikia kelele kama mawe kwenye kopo na utaachia mguu. Kwenye yenye turbo, sekunde chache zinatosha kuvunja kingo za pistoni. Kwa hiyo esansi ya kadafi, ile ya bidoni pembeni ya barabara, uisahau. Si kwamba wote wanachanganya, lakini huwezi kujua nani ametia maji na nani ametia mafuta ya taa, yale ambayo sisi huku tunayaita petroli. (Wasomaji wa Nairobi na Dar wasichanganyikiwe: petroli yenu ndiyo esansi yetu.) Mafuta ya taa kidogo tu yanashusha sana uwezo wa esansi kuvumilia mgandamizo. Chagua kituo kimoja, ujaze hapo kila mara.

Kiasi cha mafuta kina uzito sawa na ubora wake. Gari likitembea polepole, sehemu 14.7 za hewa kwa 1 ya esansi ni sawa. Turbo ikisukuma, unataka 11.5 hadi 12 kwa 1, kwa sababu esansi ya ziada inapoza chumba cha moto. Injekta (pua zinazorusha esansi ndani ya injini) na pampu za kiwandani hazikupangiwa kazi hiyo, na injekta inayofunguka zaidi ya asilimia 85 ya muda wake imefika mwisho. Shida nyingine ni kwamba sensa ya presha ya 3S-FE haisomi juu ya presha ya hewa ya kawaida. Turbo ikianza kusukuma, kompyuta ya gari ni kama kipofu. Lazima uweke sensa ya bari 2 au 3 na kompyuta inayoweza kupangwa upya, pamoja na sensa ya oksijeni ya masafa mapana, inayoonyesha uwiano wa hewa na esansi, na saa yake mbele ya dereva. Plagi ziwe za baridi zaidi kwa ngazi moja, yaani zinazotoa joto upesi, na pengo lake lipunguzwe hadi milimita 0.7 hivi. Kama fedha haitoshi kwa haya, turbo isubiri.

Kosa lililonigharimu mimi ni la mwinuko wa nchi. Westigeti, mlango unaopunguza moshi unaoizungusha turbo ili presha isizidi, haijui mlima. Inapima tofauti kati ya presha ya ndani na hewa ya nje. Bari 0.4 ya Bukavu inafanya jumla ya 1.25. Ukishuka Uvira, mita 770 hivi, hewa ya nje ni kama 0.92 na jumla inakuwa 1.32, katika joto la bonde la Ruzizi. Gari langu lilikuwa limepangwa hapa juu tu. Namba za 1.32 kwenye ramani ya kompyuta, yaani jedwali lake la kiasi cha esansi kwa kila presha, zilikuwa za kubahatisha. Nilirudi kutoka Uvira nimejaza esansi ya bidoni, nikaanza kupanda mlima wa Ngomo, na kabla sijamaliza kona pistoni ya tatu ilikuwa na tundu. Anayepanga kompyuta yako apange na presha ambazo Bukavu haina.

Oili nayo ni uhai wa turbo. Shafti yake inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando wa oili, huku moshi wa upande mmoja ukifika nyuzi 800 au 900. Bomba la kurudisha oili liwe nene kama dole gumba, lishuke moja kwa moja bila kona, liingie kwenye karta (bakuli la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Likiwa jembamba, oili itatafuta njia kupitia sili na utatoa moshi wa buluu mji mzima. Tumia oili ya sintetiki ambayo una hakika si bandia, na uibadilishe kila kilomita 3,000 au 4,000. Turbo iliyotumika ishike shafti kwa vidole: kucheza kidogo pembeni ni kawaida, lakini ikisogea mbele na nyuma, irudishe kwa muuzaji.

Intakula, yaani rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye turbo, ni lazima, tena yenye feni, kwa kuwa milima yetu inapandwa polepole na upepo wa mbele ni mdogo. Vali ya kupumulia karta iwe ya njia moja. Klachi ya kiwandani huenda ikateleza. Breki uzitengeneze kwanza. Bati la kukinga joto na kizimamoto si mapambo, maana oili ikidondokea turbo ya moto inawaka.

Siku ya kwanza toa fyuzi ya plagi na injekta, zungusha stata hadi taa ya oili izime, ndipo uwashe. Kilomita 200 za mwanzo nenda bila kukanyaga sana, na kila jioni uangalie kama kuna uvujaji. Ukifika juu Kadutu usizime papo hapo: iache injini iungurume dakika mbili, la sivyo oili iliyobaki ndani ya turbo itaungua na kuwa mkaa. Abiria watakuuliza unangoja nini.